Uzi: Sisi ni familia ya kanisa hapa Lubumbashi, tunajiandaa kumwasili mtoto. Kwa nini hatumchukui bila hukumu ya tribinali (mahakama)

Mama wa Katuba (mwanzisha uzi)

Shalom wapendwa. Naandika kutoka Lubumbashi, Kongo (RDC), komine (manispaa) ya Katuba. Mimi na mume wangu tuna wavulana wawili, na sasa tunajiandaa kumpokea msichana mdogo anayeishi kwenye kituo cha masista hapa mjini. Faili yetu iko tribinali ya watoto, tunangoja kuitwa.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu kila Jumapili, ibada ikiisha, kuna mtu ananivuta pembeni na kuniuliza: karatasi za nini? Mtoto yupo, ninyi mpo, Mungu anawaona, mchukueni tu mlee. Wanaouliza wananipenda, wengine ni mama wenzangu wa Kipendano, umoja wa akina mama wa kanisa. Lakini pale mlangoni nikiwa na Biblia mkononi na watoto wananivuta sketi siwezi kujibu vizuri, kwa hiyo najibu hapa, kwa urefu.

Nianze na ninachokiona mtaani. Hapa kwetu karibu kila lupango (kiwanja chenye nyumba) lina mtoto ambaye hakuzaliwa na wenye nyumba. Wa dada aliyefariki, wa kaka aliyekwenda kuchimba Kolwezi asirudi, wa jirani aliyeshindwa. Ni sifa ya watu wetu na siisemi vibaya hata kidogo. Mama mkwe wangu amelea wengi namna hiyo, na bukari (ugali) iligawanywa sawa. Wazee wakiwa hai hakuna anayeuliza chochote. Maswali huja siku ya kuondoa kilio. Wageni wameondoka, viti vya kukodi vimerudishwa, ukoo umebaki peke yake, ndipo mmoja anauliza hati ya lupango iko wapi, na mwingine anaanza kuhesabu watoto wa marehemu kwa vidole. Akifika kwa yule aliyelelewa, kidole kinasimama.

Sheria haimsaidii hapo. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawaweka watoto walioasiliwa katika kundi la kwanza la warithi, pamoja na waliozaliwa ndani ya ndoa na waliozaliwa nje wakatambuliwa baba akiwa hai. Kundi hilo linapata robo tatu za mali. Mtoto aliyelelewa tu, bila hukumu, hayumo. Hata kama alimwita marehemu papa tangu meno ya utoto. Hata kama ndiye aliyemwosha alipokuwa hawezi kusimama.

Kwa hiyo ndugu yangu anaponiambia kwamba upendo hauhitaji karatasi, mimi namwambia kwamba mume wangu na mimi hatutakuwapo siku upendo wetu utakapopingwa. Siku hiyo karatasi ndiyo itakayosema.

Tena si jambo la wazungu. Someni Mwanzo 48. Yakobo ni mgonjwa, amejikaza akaketi kitandani, Yusufu amemletea wale vijana wawili waliozaliwa Misri. Mzee anatamka kwamba Efraimu na Manase ni wake kama Reubeni na Simeoni walivyo wake, na papo hapo anaanza kusema habari za urithi. Baadaye, nchi ilipogawanywa, makabila yao mawili yalipata sehemu zao na hakuna aliyethubutu kuuliza hawa ni wa nani. Katika makanisa yetu tunapenda sana mstari wa Yakobo 1:27 kuhusu yatima na wajane katika dhiki yao, na ni mstari mzuri. Ila huyu mzee wa Mwanzo alifanya zaidi ya kuwatazama watoto: aliwapa nafasi, kwa maneno wazi, shahidi yupo, kabla hajafa.

Kuhusu sheria nitapita haraka, maana si ngumu kama watu wanavyotishana. Anayeasili awe amemzidi mtoto miaka 15. Wanandoa wawe wameoana kwa miaka 5, na hapo wengi wanakwama kwa sababu wana ndoa ya kanisa na mahari imelipwa, lakini komine, kuandikisha ndoa ya serikali, hawajawahi kufika. Kanisa letu halibariki mtu kabla ya komine, kwa hiyo sisi tulikuwa na cheti chetu tayari. Kuwa na watoto wenu hakuwazuii. Jaji anataka kuona kwamba kuna sababu ya haki na kwamba mtoto atafaidika. Ninyi kufaidika si hoja. Wazazi wake wakiwa hai, ridhaa yao inatakiwa. Asistanti sosiali (afisa wa ustawi wa jamii) anakuja nyumbani kufanya ankete (uchunguzi). Hukumu ikitoka inaandikwa kwenye rejista za eta-sivili (ofisi ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo), na hapo ndipo anakuwa mtoto wenu mbele ya kila mtu.

Sasa niseme juu ya ukoo, kwa maana huko ndiko kazi ilikokuwa.

Mume wangu ni Muluba, na kwao jambo kama hili haliamuliwi na watu wawili chumbani. Tuliwaita wakubwa, alasiri ya Jumapili, viti chini ya mwembe, munkoyo (kinywaji chetu cha mahindi) na karanga. Baba pasta alifungua kwa sala, akanyamaza, akawaachia wenye ukoo. Nilitegemea waulize kuhusu pesa ya shule. Shangazi wa mume wangu, mama mzee ambaye hasemi sana, akauliza hivi: "Mukimwoza, mahari yake atakula nani?"

Vijana wakacheka. Yeye hakucheka, na alikuwa na haki. Mahari ndiyo inayoonyesha msichana ana watu. Kama siku hiyo hakuna mjomba, hakuna anayesimama, mkwe atajua kwamba amechukua mtu asiye na nyuma, na atamtendea hivyo. Kisha akaongeza la pili: akija kugombana na hawa wavulana, mtamwambia arudi wapi?

Tulikaa hadi giza. Kaka mkubwa wa mume wangu ndiye aliyetoa neno mwishoni: mahari italiwa hapa, mjomba wake atakuwa kaka yangu mimi mama yake, na kama siku moja atajitokeza mtu wa ukoo wake wa damu, atapewa kiti na kusikilizwa. Hilo la mwisho linakwenda na sheria pia, kwa sababu katika nchi yetu mtoto aliyeasiliwa anahesabiwa kuwa mtoto wenu na bado hakatwi na familia alikotoka. Nililipenda sana. Hatumwibi mtu.

Wapendwa, kama mna mpango wa kuasili, msiruke kikao hiki. Jaji atawapa hukumu, lakini ukoo ndio utakaokaa naye kwenye arusi na kwenye misiba.

Nyumbani maandalizi ni madogo. Fundi ametutengenezea kitanda cha ghorofa. Masista walituambia kwamba kule kituoni watoto wanalala wengi pamoja na taa haizimwi, na huyu wetu akiamka gizani hapigi kelele: anashuka, anatafuta mguu wa mtu, anaushika, analala palepale sakafuni. Tumenunua taa ya sola kwa ajili ya usiku umeme unapokatika, na mwanangu mkubwa ameomba yeye ndiye alale kitanda cha chini karibu naye. Jina lake hatubadilishi. Alipewa na mama yake, na ndicho kitu pekee alichotoka nacho.

Onyo moja nimalizie. Mtu akikwambia ana koop (dili), kwamba anaweza kukupatia mtoto haraka kwa dola kadhaa, mkimbie na umripoti. Ada za tribinali na za komine zinalipwa kwa risiti. Mtoto halipiwi.

Karibuni kwa maswali.

---

Mwana Kigoma

Shikamoo mama, na hongera kwa moyo huo. Nimesoma yote. Huku Tanzania tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, maombi ya kuasili yanakwenda Mahakama Kuu na afisa ustawi wa jamii anahusika tangu mwanzo, kwa hiyo naona tunafanana.

Swali langu: mtamwambia lini kwamba hakuzaliwa kwenu? Kuna wapendwa kanisani kwetu wameasili mtoto akiwa mchanga na wamehamia hadi mkoa mwingine ili asijue. Sasa ana miaka 12 na wanaishi kwa hofu.

---

Mama wa Katuba

Marahaba mwanangu. Wetu tayari anajua, ana umri wa kukumbuka. Lakini hata angekuwa mchanga tungemwambia mapema, kwa maneno ya kitoto, akakua nayo. Siri hii haikai. Watamwambia watoto wenzake pale bombani, siku ya ugomvi, na watamwambia kwa ubaya. Esta alijua kwamba wazazi wake wamekufa na kwamba Mordekai ndiye aliyemlea. Musa alikulia kwa binti wa Farao na bado alijua ndugu zake ni akina nani. Ukweli haukuwazuia kupendwa.

Hao wapendwa wako waambie wasingoje. Miaka 12 ni bora kuliko 16. Wakae wote wawili, baba na mama, wamwambie wenyewe kwa sauti zao, na wamwonyeshe hukumu ile. Ataona jina lake limeandikwa na kwamba kuna watu waliosimama mbele ya jaji kumtaka.

---

Papa Ruashi

Mama, Mungu akubariki, lakini kuna jambo unaliacha. Hujui mizimu ya ukoo wa huyo mtoto. Mimi nimeona nyumba zilizokuwa na amani, mtoto wa nje akaingia, baba akapoteza kazi, mama akaanza kuumwa. Mngempeleka kwanza kwenye chumba cha maombi akafunguliwe, ndipo aingie ndani. Nasema kwa upendo.

---

Mama wa Katuba

Papa, nakuheshimu, na nitakujibu bila kuzunguka.

Watu wanapoteza kazi Lubumbashi kila mwezi. Bei ya shaba ikishuka wanapoteza, mkataba ukiisha wanapoteza. Mama anaumwa kwa sababu ya malaria na sukari. Katika nyumba yenye watoto waliozaliwa hapo tu, tunasema ni maisha. Katika nyumba yenye mtoto wa nje, tunamtazama yeye. Mtoto wa watu hana shangazi wa kusimama kumtetea, hiyo ndiyo sababu pekee anayechaguliwa ni yeye.

Wengi wa watoto wanaolala nje pale sokoni na karibu na stesheni ya gari la moshi, ukiwauliza walitokaje nyumbani, watakwambia walisemwa ni walozi, yaani wachawi. Mama wa kambo alisema, au baba mdogo, na mara nyingine mtu aliyejiita nabii. Wanafungwa, wananyimwa chakula siku kadhaa, wanatiwa vitu machoni ili pepo atoke. Wasalesiani wa Don Bosco, shirika la Kikatoliki, wamefanya kazi miaka mingi na watoto wa barabarani hapa mjini kwenye nyumba zao za Bakanja. Nendeni mkawasikilize watoto wenyewe.

Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto ulozi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inaadhibu jambo hilo. Na Bwana wetu, wanafunzi walipowazuia watoto, alikasirika, akawakumbatia, akaweka mikono yake juu yao. Hakuuliza kwanza ukoo.

Sisi tumemwomba baba pasta amwekee mikono na kumbariki mbele ya kusanyiko, kama walivyobarikiwa wavulana wetu. Sala ile ile, maji yale yale. Na mimi na mume wangu tumeapizana jambo moja: siku msiba au ugonjwa utakapoingia nyumbani, hakuna mtu, awe ndugu awe mtumishi, atakayemtaja mtoto huyu akaendelea kukaa kwenye kiti chetu.

---

Nilikulia Komine ya Kenya

Nimesoma sehemu ya kidole kinachosimama, ikabidi niweke simu chini kwanza.

Mimi ndiye huyo. Nililelewa komine ya Kenya, Lubumbashi, tangu sijaota meno, na papa mmoja, mfanyakazi wa zamani wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, pamoja na mke wake. Hawakupata watoto. Waliponiandikisha shule walitumia jina lao, na mimi nilidhani hiyo inatosha. Mama alitangulia, papa akafuata. Niliuza mikate asubuhi, nikamuuguza mchana. Wapwa zake walikuja kwenye kilio wakiwa wapole sana. Baada ya wiki chache wakaniomba funguo. Nilikwenda kuuliza komine. Karani alinitendea vizuri, alitafuta kwenye rejista, akaniambia dada, hapa hakuna kitu kinachokuonyesha wewe.

Sikulilia nyumba. Nililia kwa sababu kwenye tangazo la msiba walikuwa wameandika kwamba marehemu hakuacha mtoto.

Papa alinipenda, sina shaka. Alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa na wakati wa kufanya jambo hili na nafasi ilikuwepo, ila hakuna aliyemwambia. Nashukuru mama kwa kuandika.

---

Mama wa Katuba

Dada, pole. Pole sana. Huyo papa aliacha mtoto, na sisi tuliosoma hapa tunajua. Nimemsomea mume wangu maneno yako kwa sauti, na ameniomba ruhusa ayasome kwenye kikao cha wazee wa kanisa bila kutaja popote ulipo. Ukikataa hatasoma.

---

Nilikulia Komine ya Kenya

Asome.

---

Asistanti wa zamani

Nimefanya kazi za sosiali Bukavu kabla ya kuhamia huku, naomba niondoe woga juu ya ankete, kwa sababu nimeona wazazi wanaazima makochi kwa jirani siku tunapokuja.

Hatutafuti nyumba ya bati jipya. Mimi nilikuwa natazama mtoto atalala wapi na nani, nani anabaki naye asubuhi, maji yanatoka wapi, na watoto wa nyumbani wanamzungumziaje. Niliwauliza watoto peke yao. Kijana mmoja aliwahi kuniambia, "Atakuja kutusaidia kazi." Hapo nikajua kwamba nyumba ile ilikuwa inatafuta mfanyakazi wa ndani. Msichana wa miaka 10 anayeletwa ili ateke maji na abebe mtoto mchanga, mwenye nyumba akamwita mwanangu, huyo anatumikishwa, na tunawaona wengi.

Jambo lingine: msiudhike jirani akiuliza maswali. Miaka iliyopita kulikuwa na biashara chafu ya watoto waliopelekwa nje, hata mwezi Septemba 2013 serikali ikasimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na wageni. Watu wamebaki na kumbukumbu hiyo. Jibuni kwa utulivu, onyesheni faili.

Na kabla ya kwenda tribinali, hakikisheni kwamba kituo kweli kimemtafuta ndugu. Mara nyingi bibi yuko hai kijijini, hana uwezo tu. Bibi wa namna hiyo huenda anahitaji mfuko wa unga kila mwezi, na mtoto akabaki kwake. Kanisa linaweza kufanya hilo bila hukumu yoyote.

---

Mama wa Katuba

Asante mkubwa, hili la ndugu kutafutwa linapaswa kuwekewa mkazo na kila mtu. Kwa wetu masista walitangaza redioni na kupeleka habari hadi alikotoka mama yake, upande wa Pweto. Hakuna aliyejitokeza. Tungempata bibi, mimi nilikuwa tayari kubeba huo mfuko wa unga.

---

Dada wa Kampemba

Mama, mimi si wa kituo. Nina mtoto wa dada yangu, marehemu. Nimekaa naye tangu anyonye, sasa yuko darasa la tano. Baba yake anajulikana, yuko Likasi, hatumi kitu ila yuko. Mtoto hana akti (cheti) ya kuzaliwa. Mume wangu anakubali, lakini kila mwaka tunasema mwakani. Naanzia wapi?

---

Mama wa Katuba

Dada, anzia kwenye akti, kwa sababu bila hiyo hamtasogea. Kuzaliwa kunatangazwa komine ndani ya siku 90. Zikipita, kama kwako, inatakiwa hukumu ya tribinali inayoziba pengo hilo, wanaiita jijima sipletifu, ndipo eta-sivili wanaandika. Tafuta kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, chochote chenye tarehe, na watu wawili waliokuwepo alipozaliwa.

Wakati hayo yanakwenda, nendeni Likasi. Nendeni wewe na mume wako, na mkubwa mmoja wa upande wenu. Msimtumie ujumbe wa simu. Huyo baba yuko hai, ridhaa yake inatakiwa, na ndugu zake wana neno. Msimwendee kwa lawama za miaka aliyokaa kimya. Mwambieni mnataka nini na kwa nini, na kwamba mtoto atabaki kumjua. Anaweza kukataa. Akikataa, bado mtakuwa mmepata akti, na mtoto ana haki zake kwa baba huyo ambazo nazo ni vizuri ziandikwe.

Na mumeo aseme na kaka zake sasa, akiwa mzima na ana nguvu.

Alhamisi asubuhi nakwenda komine kuchukua nakala ya cheti chetu cha ndoa. Niandikie inbox, tukutane mjini, nikuonyeshe ofisi ya tribinali na karani wa kumwona. Beba ile kadi ya kliniki.